Maswali kwa Mjomba: Ligi isiyouza mchezaji kwa pesa

Mwezi uliopita niliandika aya moja tu kuhusu Aliir Aliir, kijana wa asili ya Sudan Kusini aliyezaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ambaye amekuwa beki mwenye jina katika ligi ya mpira wa Australia, AFL. Nilisema klabu yake ya Sydney ilimwachia aende Port Adelaide mwisho wa mwaka 2020 na haikupokea hata senti. Aya hiyo imeniletea barua kuliko chochote nilichowahi kuandika juu ya Simba na Yanga. Nimechagua chache.

Kwa msomaji mgeni: miaka mingi nilikuwa katibu wa klabu ya madaraja ya chini hapa Tanga. Fomu za usajili, picha za paspoti, mihuri, barua za kuwaachia wachezaji, yote yalipita mezani kwangu. Mpira wa Australia nimeujua kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Geelong. Nisichokielewa namuuliza yeye.

*

Shikamoo Mjomba. Hapa kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa. Inawezekanaje klabu imtoe mchezaji wa kikosi cha kwanza bila ada ya uhamisho? Si hasara hiyo? Na huo mpira wenyewe ukoje?
Kijana wa Makorora

Marahaba mwanangu. Mpira wenyewe una umbo la duaradufu, na uwanja nao ni wa duaradufu, mara nyingi ule ule unaochezewa kriketi msimu wa joto. Kila upande una watu 18 uwanjani. Kila mwisho zimesimama nguzo 4: ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya zile mbili ndefu za katikati ni goli, pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi 1. Unaruhusiwa kuudaka, kukimbia nao na kuupiga ngumi kumpasia mwenzako, ila kuurusha tu kwa mkono ni kosa. Mengine utayaona ukitazama.

Sasa tuje kwenye usajili. Ligi ina klabu 18, na hakuna hata moja inayomuuza mchezaji kwa mwenzake kwa pesa. Wanabadilishana. Mchezaji kwa mchezaji, mchezaji kwa zamu ya uteuzi, au vyote viwili kwa pamoja. Uteuzi hufanyika kila mwaka, msimu ukiisha: vijana wanaoingia umri wa miaka 18 hujiandikisha, na klabu huwachagua kwa zamu, aliyeshika mkia wa kwanza, bingwa wa mwisho. Utaratibu huu ulianza mwaka 1986. Kwa hiyo Sydney haikumtoa Aliir bure. Ilipewa zamu ya Port Adelaide katika raundi ya pili ya uteuzi wa mwaka uliofuata. Aliir akafika Port, na mwaka 2021 akawekwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Hapo unaweza kusema Sydney ilipata kidogo, na mimi nitakubaliana nawe.

Lakini tazama biashara nyingine. Mwisho wa mwaka 2007 Chris Judd, nahodha aliyeipa West Coast ubingwa wa 2006, alitaka kurudi kwao Melbourne. Alikuwa mchezaji bora kabisa wa wakati wake. Carlton walimpata, na wao wakatoa zamu namba 3, zamu namba 20, na kinda aitwaye Josh Kennedy ambaye hakuwa amefanya la maana bado. Judd alicheza vizuri sana Carlton, hata tuzo ya mchezaji bora wa ligi akaichukua tena mwaka 2010, ila ubingwa hakuupata huko. Yule kinda akawa mfungaji bora wa muda wote wa West Coast, magoli zaidi ya 700, na mwaka 2018 akanyanyua kombe. Klabu inayobadilishana badala ya kuuza inalazimika kuwa na jicho. Pesa ungeweza kuila na isijulikane imekwenda wapi. Kinda uliyemchukua anaonekana kila Jumamosi.

*

Mgosi, salaam. Nimekusoma, na sijaridhika. Mtoto wa watu anachaguliwa na klabu asiyoipenda, anapelekwa mji asioujua, na hakuna anayemuuliza. Sisi enzi zetu kufungiwa msimu mmoja tu tulikuita dhuluma. Huu si utumwa wa kisasa?
Mzee mwenzio, Ngamiani

Mgosi, neno utumwa silitumii kwa mtu anayelipwa mshahara mnono. Sisi wa pwani hii tunajua lilikuwa na maana gani. Lakini hoja yako ni nzito na sitaki kuipita juu juu.

Ni kweli kijana hachagui. Mwaka 2021 Jason Horne-Francis, mtoto wa Australia Kusini, alichaguliwa namba 1 na North Melbourne. Heshima kubwa, ila ni mbali na nyumbani. Alidumu msimu mmoja. Mwisho wa 2022 akaomba kurudi kwao, na Port Adelaide wakampokea katika mabadilishano yaliyohusisha klabu 4 kwa mpigo. North Melbourne hawakuachwa mikono mitupu: walipata zamu mbili za juu, mojawapo wakamchagua Harry Sheezel, aliyeibuka chipukizi bora wa ligi mwaka 2023. Yaani hata pale kijana aliposhindwa kukaa, klabu iliyoumia ilisimama tena.

Kinachonisumbua mimi ni kisa cha Tim Kelly. Huyu hakuwa mtoto. Geelong walimchagua akiwa na miaka 23, na familia yake kwao Perth, upande wa pili kabisa wa bara, saa nyingi kwa ndege. Baada ya msimu mmoja, mwisho wa 2018, akaomba arudi na watoto wake wakakulie kwa ndugu zao. West Coast walimtaka, lakini walichotoa Geelong waliona hakitoshi, dirisha likafungwa, akabaki. Mwaka 2019 akacheza kwa moyo wote, mpira wa hali ya juu, na mwisho wa mwaka ndipo akaachiwa kwa zamu nzuri kadhaa. Nawapenda Geelong, utaona hapa chini. Ila mwaka ule mmoja wa Kelly naona walimdai zaidi ya haki yao. Mtu mwenye watoto wadogo akikuambia anataka kwenda kwao, hesabu za zamu zisimame.

Kanuni yenyewe inasema hivi: mkataba ukiisha kabla hujatimiza miaka 8 klabuni, bado huna uhuru kamili. Ama klabu yako ikubali kukubadilisha, ama uingie kwenye uteuzi upya na akuchukue yeyote. Ukishatimiza miaka 8 unakuwa mchezaji huru, ingawa wale walio katika robo ya juu ya mishahara ya klabu yao wanakuwa huru nusu: klabu yao ikilingana na ofa ya mgeni, inaweza kuwazuia au kulazimisha mabadilishano. Greater Western Sydney, klabu nyingine ya jiji la Sydney, walifanya hivyo kwa Jeremy Cameron mwaka 2020. Walilingana na ofa ya Geelong, na Geelong wakalazimika kutoa zamu 3 za raundi ya kwanza. Uhuru huu wa miaka 8 wachezaji waliupata mwaka 2012 tu, baada ya chama chao kuudai muda mrefu. Miaka 8 ni mingi mno, mgosi. Wengi hawafiki huko, goti linakwenda kabla. Ningekuwa mimi ningeweka 5 au 6. Lakini mfumo mzima nisingeuvunja, na sababu utaisoma kwenye jibu la kijana wa Barabara ya 12.

*

Mjomba, nimesikia kuna mchezaji huko alipewa mkataba wa miaka 9. Klabu gani yenye akili timamu inafanya hivyo?
Dereva wa bodaboda, Mikanjuni

Sydney. Mwaka 2013 Lance Franklin alikuwa na miaka 26, ametoka kuchukua ubingwa na Hawthorn, na Sydney wakampa miaka 9 kwa dola milioni 10 za Australia. Hawthorn walikuwa na haki ya kulingana na ofa hiyo, wakaiacha. Ligi ikawafidia kwa zamu namba 19. Mwaka uliofuata, kwenye fainali, Hawthorn bila Franklin waliwachapa Sydney wenye Franklin, tena vibaya. Miaka yote 9 hakupata ubingwa na Sydney.

Hata hivyo sidhani walikosea. Sydney ni mji wa ragbi, mpira huu unapigania watazamaji kule, na Franklin aliwaleta. Machi 2022 alipofunga goli lake la 1,000 watu walimiminika uwanjani kwa maelfu. Alimaliza muda wake, akastaafu 2023.

Wa kuhurumiwa ni wengine. Brodie Grundy alimwaga wino wa miaka 7 na Collingwood mwaka 2020. Mwisho wa 2022 mishahara ikawa imewabana, wakamtoa Melbourne huku wakiendelea kumlipa sehemu, na mwaka mmoja baadaye yuko Sydney. Klabu 3 katika misimu 3, na yeye ndiye aliyeahidi kukaa. Tom Boyd alichaguliwa namba 1 mwaka 2013, baada ya msimu mmoja Western Bulldogs wakampa miaka 7 na pesa nyingi. Mwaka 2016 aliwasaidia kuchukua ubingwa waliousubiri tangu 1954. Mwaka 2019, akiwa na miaka 23 tu, akasema mwili na akili vimechoka, akastaafu na kuziacha pesa za miaka iliyobaki. Sijui wangapi wangefanya hivyo. Namheshimu.

*

Mjomba, sisi wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, tumechoka. Kinda akionyesha makali msimu mmoja, ujue anakwenda Dar. Mshambuliaji wetu Sopu alipowafunga Yanga magoli 3 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, Julai 2022, hata furaha hatukuimaliza, tukasikia yuko Azam. Hao Geelong unaowasifu kila mara wanafanyaje kubakiza watu?
Shabiki wa Coastal, Barabara ya 12

Mwanangu, swali hili nimelingoja kwa hamu.

Geelong ni mji wa bandari, kilomita 75 hivi kutoka Melbourne. Ulitajirika kwa sufu ya kondoo ikisafirishwa Ulaya, sisi tukatajirika kwa mkonge. Walikuwa na kiwanda cha magari cha Ford tangu 1925, kikaacha uzalishaji 2016. Vyetu vilivyofungwa unavijua mwenyewe, milango yake unaipita kila siku. Klabu yao ilianza 1859, ya Coastal 1948. Baada ya ubingwa wa 1963 walikaa miaka 44 bila kombe, wazee wakafa wakisubiri. Sisi tunasubiri tangu 1988. Mpwa wangu aliponieleza hayo mara ya kwanza nilimwambia anapoishi ni Tanga ya baridi.

Mwaka 2007 wakachukua ubingwa. Wakarudia 2009, 2011 na 2022. Na mji mkubwa uko pale pale jirani, una klabu 9, mojawapo Collingwood yenye mashabiki wasiohesabika.

Jambo la kwanza linalowalinda si lao, ni la ligi. Kila klabu ina ukomo wa mishahara, na ukomo ni mmoja kwa wote. Siku hizi umepita dola milioni 15 za Australia kwa mwaka kwa kikosi kizima. Tena kuna na kima cha chini: lazima utumie angalau asilimia 95 ya ukomo huo, usije ukajifanya masikini ukalipa vijana makombo. Collingwood wana pesa, lakini hawaruhusiwi kuzimwaga. Anayejaribu kuzunguka anaumizwa. Mwaka 2002 Carlton, moja ya klabu kongwe na yenye majivuno, ilikutwa imelipa wachezaji kwa siri nje ya ukomo. Walikuwa wameshika mkia mwaka ule, kwa hiyo zamu namba 1 ilikuwa yao. Wakanyang'anywa zamu za juu na kutozwa faini inayokaribia dola milioni 1. Iliwachukua miaka mingi kuinuka. Hapo ndipo ninapomjibu na mzee wa Ngamiani: kanuni inayombana kijana ndiyo hiyo hiyo inayoibana klabu tajiri, na ukilegeza upande mmoja bila kufikiri, Geelong zote za dunia zinageuka kuwa shamba la kuvunia wachezaji.

Lakini ukomo hauelezi yote, maana klabu zote 18 ziko chini yake na nyingine wachezaji wanazikimbia. Geelong nao walikimbiwa. Gary Ablett, mtoto wa gwiji wa klabu, alichaguliwa kwa kanuni inayoipa klabu kipaumbele kwa mtoto wa mchezaji wake wa zamani. Akawa bora wa ligi mwaka 2009. Mwisho wa 2010 klabu mpya ya Gold Coast ikamwekea mezani pesa ambazo Geelong hawakuweza, akaondoka. Watu walilia. Klabu haikumtukana, haikumzuia, haikutoa taarifa za kumchafua. Ikapokea fidia ya ligi, ikacheza, na mwaka uliofuata, 2011, ikachukua ubingwa bila yeye. Mwisho wa 2017 Ablett akaomba kurudi nyumbani, nao wakampokea. Hapo pana somo kubwa kwa viongozi wetu, ambao mchezaji akiondoka tu jina lake linakuwa haramu kwenye uwanja wetu wa Mkwakwani.

Wanajua pia kumtafuta mtu wa kwao. Patrick Dangerfield alikulia Moggs Creek, pwani ya magharibi ya Geelong, lakini mwaka 2007 uteuzi ulimpeleka Adelaide. Akakaa huko miaka 8. Alipokaribia uhuru, Geelong hawakushindana kwa pesa. Walimwambia njoo uishi kwenu. Akaja, na mwaka wake wa kwanza, 2016, akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Tom Stewart alikuwa anacheza klabu ya mtaa hapo hapo mjini, South Barwon, mtu mzima mwenye kazi yake. Wengine walimpita miaka yote. Geelong wakamchukua kwa zamu namba 40 mwaka 2016, na sasa ukitaja mabeki bora wa kizazi chake huwezi kumruka. Wachezaji wengi wa kule wanakubali mshahara pungufu kidogo kwa sababu wanaishi karibu na bahari, wana nafasi, watoto wanasoma jirani. Wapinzani wananung'unika kwamba maisha ya Geelong ni malipo yasiyoandikwa. Wacha wanung'unike.

Sasa sisi. Ukomo wa mishahara hatuna, na Simba, Yanga na Azam hawataupigia kura. Msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, umekuwa wa wachezaji wetu. Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu, na hayahitaji tajiri.

Mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine mkataba wake unapobakiza miezi 6. Hiyo ni kanuni ya FIFA, kila katibu anaijua. Basi kwa nini viongozi wetu wanaanza mazungumzo ya kuongeza mkataba siku mchezaji ameshapanda basi? Kinda aliyecheza nusu msimu vizuri aitwe ofisini mkataba ukiwa na mwaka mzima mbele. Apewe nyongeza ndogo, lakini ya kweli, inayolipwa tarehe iliyoandikwa. Nimeona wachezaji wangu wakiondoka kwa tofauti ya shilingi chache sana kwa mwezi. Walichokifuata hasa ni mshahara unaofika. Mchezaji anayedai miezi 3 huwezi kumwambia habari za kuipenda jezi.

Na wale watakaoondoka, waondoke na karatasi nyuma yao. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kwa ada mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu za Makorora, Mwang'ombe, Sahare, Muheza zinalea watoto hao na hazina hata daftari. Mtoto alicheza kwako miaka 4, ukiulizwa ushahidi unaonyesha picha ya timu ukutani. Msajili mtoto. Andika tarehe. Weka nakala chama cha wilaya. Msimu wa 2023/24 Coastal walimaliza nafasi ya 4 wakaingia mashindano ya Afrika, kwa hiyo mji huu unajua kutengeneza timu. Kuitunza isivunjike miezi 2 baadaye ni kazi ya mezani, na mezani ndiko tunakopigwa.

*

Shikamoo Mjomba. Niko kidato cha nne na nacheza netiboli. Ligi hiyo ina wanawake? Mtu wa huku anaweza kusajiliwa?
Binti wa Chumbageni

Marahaba mama. Ipo, ilianza 2017. Akec Makur Chuot, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyepitia Kakuma, aliicheza tangu msimu ule wa kwanza akiwa na Fremantle. Klabu hizo zinasajili sana wanawake wa Ireland waliokulia mpira wa jadi wa kwao, na wapo waliotokea netiboli na kikapu. Kwa wanaume kuna nafasi maalumu kikosini kwa mtu aliyetoka mchezo mwingine. Mason Cox wa Texas, mwenye urefu wa sentimita 211, alikuwa mcheza kikapu wa chuo. Mwaka 2014 akajaribiwa Marekani, Collingwood wakamchukua, na 2023 akawa bingwa. Kwa hiyo njia ipo, ingawa ni nyembamba. Wanachotafuta ni mrukaji, mkimbiaji asiyechoka na mwenye mikono ya kudaka. Netiboli inakupa hivyo vyote, na mtihani wa kidato cha nne unao mwaka huu.

*

Asalaam alaikum. Mwanangu ana miaka 17. Amekuja mtu anasema ni wakala, ana karatasi 4 za Kiingereza, anasema klabu ya Dar inamtaka na tutie saini wiki hii. Pia anasema kuna pesa nyingine ya pembeni ambayo haitaandikwa. Baba yake ni marehemu. Nifanyeje?
Mama wa Pongwe

Wa alaikum salaam dada yangu. Mungu amrehemu mzee wa nyumba. Wiki hii usitie saini yoyote.

Mtoto chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa mpira wa kulipwa unaozidi miaka 3. Ukiona kwenye karatasi hizo miaka 4 au 5, jua aliyeziandika hajali kanuni au hazijui. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na hawezi kumwakilisha mtoto bila idhini ya mzazi kwa maandishi, nawe ndiye mzazi. Muulize jina lake kamili na namba ya leseni, umwambie mpaka mkataba ufike kwa Kiswahili hakuna mazungumzo.

Hiyo pesa ya pembeni ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwaka 2009 klabu ya Adelaide ilimbakiza mshambuliaji wake Kurt Tippett kwa makubaliano ya siri: malipo nje ya ukomo, na ahadi kwamba akitaka kuondoka ataachiwa kwa mabadilishano rahisi. Mwaka 2012 yakafichuka. Klabu ikatozwa dola 300,000 na kupoteza zamu zake za juu kwa miaka 2. Na Tippett mwenyewe alifungiwa mechi 11 na kutozwa dola 50,000. Sikiliza hapo, dada. Aliyeahidiwa kwa siri naye aliadhibiwa, na huyo alikuwa na mawakili. Mwanao atakuwa na nani? Nikiwa katibu niliona kijana mmoja aliyekubali ya pembeni ya klabu mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikishika fomu yake. Alikaa nje msimu mzima, na wale waliompa zile pesa hawakupokea tena simu zake.

Kisha muulize mambo ambayo hayamo kwenye karatasi. Klabu za Australia zikimchukua kijana wa miaka 18 kutoka mbali, humtafutia familia ya kukaa nayo: ana chumba, anakula mezani na watu, kuna mama wa nyumba anayejua amerudi saa ngapi. Hiyo ni kazi ya kawaida ya klabu kule, kwa sababu wamejifunza kwamba kijana mpweke hafiki mwaka wa pili. Kwa hiyo uliza mwanao atalala wapi Dar, na wangapi chumbani. Nani atampikia? Shule ataimalizia wapi? Akivunjika mguu nani analipa hospitali, na mshahara unaendelea miezi mingapi? Majibu yaandikwe humo humo mkatabani. Likikosekana jibu la mguu, hata mshahara uwe mkubwa vipi, mwache mtoto acheze Mkwakwani mwaka mmoja zaidi. Wenye macho ya mpira watamfuata huku huku.

Ukizipata hizo karatasi kwa Kiswahili, zipeleke ofisi ya chama cha soka cha mkoa uwaombe wazisome mbele yako, na umchukue kaka au mjomba wa mtoto mwende pamoja. Kisha nitumie nakala kupitia ofisi ya gazeti, jina la klabu ulizibe ukipenda. Nitaisoma mstari kwa mstari na kukujibu kwa barua.